Plagi haitoi moto: kutafuta hitilafu kwenye mashine ya boti ya zamani

Mashine ya boti iliyozeeka ikigoma kuwaka, wa kwanza kulaumiwa huwa ni CDI, kifaa kinachorusha umeme wa plagi kwa wakati wake. Ni kisanduku kilichozibwa, hakifunguki, hakionyeshi kilichomo ndani, na bei yake inauma. Basi watu wanainunua kwa kubahatisha, wanaifunga, wanavuta kamba, na mashine inabaki vilevile, kwa sababu ugonjwa ulikuwa kwenye swichi ya kuzimia, kwenye athi (njia ya umeme kurudi kwenye bodi ya injini) iliyooza au kwenye kofia ya plagi iliyoingia chumvi. Hapa tunafuata mpangilio mmoja tu: kwanza vile vinavyokaguliwa bure, kisha vile vinavyopimwa kwa mita, na CDI iwe ya mwisho kabisa, baada ya vingine vyote kuonekana vizima.

Injini tunazozungumzia ni zile za petroli iliyochanganywa oili, zinazowashwa kwa kamba: Yamaha Enduro ya nguvu za farasi 15 na 40, ambazo utazikuta pwani nzima na kwenye maziwa pia, pamoja na Mercury, Mariner, Suzuki na Tohatsu za rika hilo. Johnson na Evinrude za zamani zenye pointi (vigusio vinavyofungua na kufunga njia ya umeme badala ya CDI) zina sehemu yao huko chini.

Umeme unapita wapi

Mashine hizi hazihitaji betri ili ziwake. Ndani ya ukingo wa flaiwili, lile gurudumu zito la juu ya injini, kuna sumaku. Flaiwili ikizunguka, sumaku zinapita mbele ya koili ya kuchaji, nayo inazalisha volti mia kadhaa ambazo CDI inazihifadhi. Koili nyingine ndogo, pulsa, inaipa CDI ishara kwamba pistoni imefika mahali pake. Hapo CDI inaumwaga umeme wote kwa mpigo mmoja kwenye koili ya plagi, na koili inaupandisha hadi maelfu mengi ya volti ili uruke pengo la plagi.

Swichi ya kuzimia ndiyo inayowachanganya wengi. Haifanyi kazi kama swichi ya taa ya nyumbani. Taa inazimika ukikata njia ya umeme. Mashine ya boti inazimika ukiunganisha. Ukibonyeza kitufe chekundu, au klipu ya kamba ya usalama ikichomoka, waya wa kuzimia unagusishwa athi na umeme wa CDI unamwagika kwenye bodi ya injini badala ya kwenda kwenye koili. Kwa hiyo swichi iliyoingia maji ya bahari, ikapiga shoti kwa ndani, inaiambia injini "zima" muda wote, hata kama hakuna mtu aliyeigusa.

Ukiielewa njia hiyo, unaweza kugawa ugonjwa kabla hujashika spana. Silinda zote zikikosa moto, shaka iende kwenye vitu ambavyo silinda zote zinavitumia kwa pamoja: swichi, athi, koili ya kuchaji, pulsa, CDI. Silinda moja ikikosa moto na nyingine inao, anzia kwenye plagi, kofia na waya wa hiyo hiyo silinda, maana huko ndiko kusiko na ushirika.

Hakikisha kwanza kwamba ni umeme kweli

Ugonjwa wa mafuta na ugonjwa wa umeme hufanana kwa mbali, lakini namna mashine inavyokufa inasema mengi. Ikikosa mafuta huanza kulegea, inapungua nguvu, inakohoa, na ukiminya ule mpira wa kupampia kwenye mpira wa mafuta inafufuka kidogo. Ikikosa umeme hukatika ghafla, kama iliyobonyezwa kitufe, au inapigapiga bila mpangilio na kurudi. Kabla ya lolote fungua tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi, minya mpira hadi ukaze, kisha vuta kamba mara kadhaa ukiwa umefunga choki. Toa plagi. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika, tafuta moto. Ikiwa kavu kabisa, achana na mwongozo huu kwa sasa, uende kwenye kabureta na pampu ya mafuta.

Na jambo moja ambalo watu wazima na uzoefu wao hulisahau: angalia kama klipu ya kamba ya usalama ipo mahali pake, na gia iko nyutro.

Vifaa

Spana ya plagi ya 21, bisibisi mbili, spana za 10 na 12, fila geji ya kupimia mapengo, brashi ndogo ya waya, msasa laini (namba 400 inatosha), kopo la dawa ya kusafishia kontakti, mita ya umeme ya kawaida inayopima omu (ukinzani wa umeme), na plagi mpya. Ongeza kipimo cha moto chenye pengo la kurekebisha. Ni kifaa cha bei ndogo, na fundi anayekarabati mashine za watu hana sababu ya kukosa. Ikibidi kung'oa flaiwili utahitaji pula yake maalumu yenye bolti tatu.

Tahadhari mbili. Umeme wa CDI ni wa kurusha mtu, na mtu akiruka akiwa kwenye boti anaweza kuangukia majini au kugonga kichwa. Usishike kofia ya plagi kwa mkono wakati kamba inavutwa. Ya pili, ukitoa plagi, silinda inatema mvuke wa petroli kupitia tundu lake. Cheche ikiwa karibu na tundu hilo, moto unawaka. Ondoa tangi, futa petroli iliyomwagika, na uweke plagi za majaribio mbali na matundu.

Plagi

Toa plagi zote na uzipange kwa mfuatano wa silinda zake, ya juu ijulikane kuwa ya juu. Kichwa chenye rangi ya kahawia ni kizima. Masizi makavu meusi yanaonyesha mafuta yanazidi hewa, au mashine inaendeshwa taratibu kwa muda mrefu, kama wanavyofanya wavuvi wa kuburuta ndoano. Weusi wenye utelezi ni oili iliyozidi, au moto dhaifu usiounguza kilichoingia. Kichwa cheupe chenye malengelenge kinasema silinda inachemka, na hilo si tatizo la moto, usiendelee kuiendesha. Ukikuta matone ya maji au kutu kwenye plagi moja, fikiria gasketi ya kichwa cha silinda imevuja. Maji yanaua cheche, na hakuna koili mpya itakayoponya hilo.

Oili inahusika hapa kuliko watu wanavyodhani. Mashine nyingi za aina hii zinataka uwiano wa 50 kwa 1: lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, yaani mililita 20 kwa kila lita, au nusu lita kwa tangi la lita 25. Oili iwe ya mashine za boti, yenye alama ya TC-W3. Oili ya gari namba 40 huacha majivu yanayojenga daraja kwenye pengo la plagi, na daraja hilo likishafunga, umeme unapita humo kimya kimya bila cheche. Kuongeza oili "ili injini isile" ni njia nzuri ya kununua plagi kila mwezi.

Plagi mpya iwe ya namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Kwa Yamaha ndogo mara nyingi ni familia ya NGK B7HS au B8HS. Kila herufi ina kazi yake. B ni uzi wa milimita 14. H ni urefu wa uzi wa milimita 12.7. Namba ni kiwango cha joto, na kwa NGK namba ikiwa kubwa plagi ni ya baridi zaidi. Ikiishia na -10, pengo lake ni milimita 1.0. R ikiingia katikati, kama BR7HS, plagi ina kipingamizi ndani. Kuweka plagi ndefu mahali pa fupi kwa sababu "uzi unaingia" ni kuialika pistoni iigonge.

Za bandia zipo sokoni. Angalia uzi: wa plagi halisi ni laini na unang'aa sawasawa, wa bandia mara nyingi una makwaruzo. Ncha ya katikati inapaswa kukaa katikati kweli, na washa, ile pete yake, haipaswi kuanguka ukiitikisa plagi. Plagi mpya unaifunga kwa vidole hadi ikae, kisha spana nusu mzunguko. Iliyowahi kufungwa inataka pungufu ya hapo, moja ya nane ya mzunguko. Ukitumia spana ya kupimia, ni kama Nm 25.

Kupima moto ipasavyo

Watu wengi huchomeka plagi kwenye kofia, wanaigusisha bodi ya injini, wanavuta kamba, wanaona kacheche na kusema "moto upo". Kacheche hako hakatoshi kuthibitisha. Ndani ya silinda kuna mgandamizo, na hewa iliyogandamizwa ni ngumu kurukwa kuliko hewa ya nje. Cheche inayoruka milimita moja nje inaweza isiruke kabisa ndani.

Tumia kipimo chenye pengo. Kwa mashine nyingi za Yamaha kipimo ni milimita 9: moto mzima unaruka pengo hilo kwa sauti ya kupasuka, rangi ya buluu au nyeupe ya buluu. Moto wa njano au wa rangi ya machungwa, mwembamba, unaoyumba, ni dhaifu.

Taratibu yake: toa plagi zote ili kamba ivutike kwa wepesi, funga klipu ya kipimo kwenye chuma kisicho na rangi wala kutu, chomeka kofia, kisha mtu avute kamba kwa nguvu na kwa kasi. Kuvuta kivivu hakupimi chochote. Koili ya kuchaji inahitaji mwendo. Kofia za silinda nyingine nazo zichomekwe kwenye plagi zilizogusishwa bodi. Usiziache zikining'inia hewani, kwa sababu umeme mkubwa usiopata pa kutokea unatafuta njia ndani ya koili yenyewe na kuitoboa insulesheni. Kwenye mashine zenye koili moja yenye waya mbili kuna sababu ya ziada: umeme unatoka upande mmoja, unapita plagi zote mbili na kurudi, hivyo upande mmoja ukiachwa wazi majibu ya upande wa pili ni ya uongo.

Andika unachokiona: moto silinda zote, silinda moja, dhaifu, au hakuna. Jibu hilo ndilo linalokuambia uende wapi.

Swichi ya kuzimia

Hakuna moto popote? Anza hapa, kila mara. Ni kazi ya dakika mbili.

Kwenye Yamaha waya wa kuzimia ni mweupe, na mweusi ni athi. Ufuate kutoka kwenye swichi hadi unapoungana na waya wa CDI, chomoa kiungo hicho, hakikisha ncha haigusi chuma, kisha pima moto upya. Moto ukirudi, CDI yako ni nzima na swichi ndiyo mgonjwa. Kwa chapa nyingine angalia rangi kwenye mchoro wa mashine yenyewe.

Ili kuthibitisha, weka mita kwenye omu, ncha moja ya mita kwenye waya mweupe wa swichi, nyingine kwenye mweusi. Klipu ikiwa mahali pake na kitufe hakijabonyezwa, mita isionyeshe njia yoyote. Bonyeza kitufe: iwe karibu na sifuri. Achia, chomoa klipu: iwe karibu na sifuri tena. Ukisoma kitu kati kati, labda kiloomu chache, wakati ambapo haipaswi kusoma chochote, hiyo ni chumvi yenye unyevu ndani ya swichi. Hitilafu ya namna hii ndiyo inayowazungusha watu, maana jua la mchana linaikausha na mashine inawaka vizuri mbele ya fundi, kisha alfajiri na umande inagoma.

Swichi nyingi hazifunguki vizuri, nunua nyingine. Unaweza kurudi nyumbani na waya ukiwa umechomolewa, lakini ujue mashine haitazimika kwa kitufe: utaizima kwa kufunga choki au kuchomoa mpira wa mafuta. Isiwe desturi. Nahodha akianguka majini, ile klipu ndiyo inayoizuia boti isimzunguke na pangaboi likiwa linakata.

Athi na viungo vya waya

Umeme unaokwenda lazima urudi. CDI na koili za plagi zinarudishia umeme kwenye bodi ya injini kupitia waya mweusi uliofungwa kwa bolti, au kupitia miguu ya koili yenyewe. Bodi ni alumini, kiunganishi cha waya ni cha shaba, na chumvi iko katikati. Hapo lazima kioze. Kwa nje bolti inaonekana imekazwa, ukiifungua unakuta unga mweupe au ukijani.

Fungua kila bolti ya athi, moja baada ya nyingine. Kwangua alumini hadi ing'ae, sugua kiunganishi kwa msasa pande zote mbili, rudisha na ukaze, kisha ndipo upake grisi juu kuzuia maji. Grisi inakuja baada ya kukaza, si kabla. Pima kwa mita kati ya mguu wa CDI na bodi ya injini: isomeke karibu na sifuri, sawa na unapogusanisha ncha za mita zenyewe.

Halafu viungo. Chomoa kila kiungo cha waya kati ya stata (bamba lenye koili za chini ya flaiwili), CDI na koili, kimoja kimoja ili usichanganye rangi, na uangalie ndani. Pini iliyogeuka kijani isafishwe kwa dawa ya kontakti na brashi. Vuta kila waya kidogo kwa vidole karibu na kiungo. Waya uliooza ndani ya ngozi yake unanyooka kama mpira, kwa sababu shaba ndani imekwisha na kilichobaki ni plastiki. Ukiukata utaona nyuzi nyeusi. Rudi nyuma hadi upate shaba inayong'aa, unganisha kwa kuchoma risasi, na uzibe kwa mpira wa kusinyaa. Kusokota waya na kuzungushia plasta ni suluhisho la kufika ufukweni, si la kesho yake.

Kofia, waya na koili ya plagi

Silinda moja ikikosa moto, badilishana vitu kabla ya kununua. Hamisha plagi kwanza. Ugonjwa ukihama nayo, ni plagi. Usipohama, na kila silinda ina koili yake, hamisha kofia, kisha koili. Kinachobeba ugonjwa kwenda silinda nyingine ndicho kibovu.

Kofia nyingi zinafunguka kwa kuzungushwa kinyume cha saa, kama skrubu. Ndani utaona ncha ya waya. Ikiwa imeungua au imekuwa ya kijani, kata milimita 5 upate shaba safi, kisha zungushia kofia tena hadi ikamate. Usikate kila mara, waya hauna urefu wa kuchezea. Kofia zenye kipingamizi nyingi husoma karibu kiloomu 5; ikisoma makumi ya kiloomu, au haisomi kabisa, itupe. Kwenye Johnson za zamani hakuna skrubu bali springi ndogo ndani ya mpira, na springi hiyo ikikatwa na kutu, cheche inaruka ndani ya mpira badala ya kwenye plagi.

Kuna kipimo kisichohitaji mita: usiku au chini ya kivuli kizito, injini ikizunguka, puliza ukungu wa maji kwenye waya na kofia kwa chupa ya dawa. Mahali palipopasuka utaona cheche za buluu zikikimbilia bodi.

Koili yenyewe ina nyuzi mbili ndani. Upande wa kuingilia una waya mnene wa mizunguko michache, na kwenye koili za CDI husoma chini ya omu 1. Mita ya kawaida itaonyesha karibu sifuri, na hilo si kosa. Upande wa kutokea husoma maelfu ya omu. Kwenye koili ya waya mbili pima kutoka waya mmoja hadi mwingine, na kofia uzitoe kwanza ili zisiongeze hesabu. Namba kamili ziko kwenye kitabu cha mashine yako. Usizikope za mashine ya jirani. Mita ikionyesha njia imekatika, koili imekufa. Ikionyesha namba nzuri bado haijaruhusiwa kupita, kwa sababu mita inapima kwa volti chache, na insulesheni iliyopasuka inavuja kwenye volti elfu nyingi tu. Iangalie kwa macho: ufa mwembamba kwenye plastiki yake, hasa karibu na mguu wa chuma, unatosha.

Chini ya flaiwili

Hadi hapa swichi imetengwa, athi inang'aa, koili za plagi nzima, na bado hakuna moto. Sasa pima koili ya kuchaji na pulsa. Huhitaji kung'oa flaiwili kwanza; waya zake zinatokeza kwenye viungo vya CDI. Chomoa na upime omu. Koili ya kuchaji kwa kawaida husoma mamia ya omu, pulsa makumi hadi mamia kadhaa. Zote mbili, kama hazijaungwa athi kwa ndani kwenye modeli yako, zisisome njia yoyote kuelekea bodi ya injini.

Omu hazitoshi kuhukumu. Koili inaweza kusoma vizuri na kutoa umeme mdogo, ama kwa nyuzi zilizogusana, ama kwa kutu iliyojaa kwenye sumaku. Kipimo cha kweli ni cha volti ya kilele, yaani ncha ya juu ya mpigo wakati kamba inavutwa, na kinahitaji adapta yake inayochomekwa kwenye mita. Mita tupu ikiwekwa kwenye volti za AC haiwahi mpigo huo mfupi, itakupa namba ndogo ya kukutisha bure.

Baadhi ya mashine za Mercury zina koili mbili za kuchaji, moja ya mwendo mdogo na nyingine ya mwendo mkubwa. Ya mwendo mdogo ikifa, mashine haiwaki kwa kamba. Ya mwendo mkubwa ikifa, inawaka vizuri kisha inapigapiga ukiongeza mafuta. Dalili hiyo ya pili inafanana sana na kabureta chafu.

Kung'oa flaiwili: fungua nati yake, funga pula kwa bolti zake tatu kwenye matundu yaliyo katikati, kaza bolti ya kati, na ikigoma gonga kichwa cha bolti hiyo mara moja kwa nyundo. Usitumie pula ya kucha inayoshika ukingo, wala usigonge flaiwili yenyewe. Sumaku zimegundishwa ndani ya ukingo huo. Zikipasuka au kuachia, flaiwili inageuka chuma cha kuuza kilo.

Ndani angalia mambo matatu. Kutu kwenye sumaku na kwenye vichwa vya koili, isugue kwa msasa. Waya zilizokwaruzwa na flaiwili au zilizokakamaa pale zinapopinda, hasa kwenye mashine ambazo bamba la stata linazunguka pamoja na mshiko wa mafuta, kwa sababu hizo waya zinakunjwa kila unapoongeza mwendo. Na oili: stata ikiwa imelowa oili ya mchanganyiko, sili ya juu ya krenki imechoka, na hiyo inaharibu zaidi ya moto.

Kabla hujarudisha, itazame ki, kile kipande cha chuma chenye umbo la nusu mwezi kinachoshika flaiwili kwenye shafti. Pangaboi likigonga mwamba, ki inaweza kukatika nusu na flaiwili ikahama kidogo. Matokeo yake ni mashine yenye moto mzuri, mafuta mazuri, lakini inapiga kamba kinyume, inatema moto kabureta, au haiwaki kabisa: moto unakuja wakati usio wake. Ki ya hivyo ibadilishwe, isinyooshwe. Futa grisi yote kwenye shafti na ndani ya flaiwili, vikutane vikavu, kisha kaza nati kwa nguvu iliyoandikwa kitabuni. Nati iliyolegea ndiyo inayokata ki inayofuata.

Mashine zenye pointi

Johnson na Evinrude ndogo za miaka ya 1950 hadi ya 1970 hazina CDI. Zina pointi na kondensa chini ya flaiwili. Pengo la pointi ni inchi 0.020, yaani nusu milimita, likipimwa pale kamu inapoziachanisha zaidi. Zipitishie kipande cha kadi safi kilicholowa spiriti kabla ya kupima. Alama ya mafuta ya kidole inatosha kuzuia umeme wa pointi. Zilizochimbika zibadilishwe pamoja na kondensa yake. Pointi zinazoungua upesi baada ya kubadilishwa zinashitaki kondensa.

Koili za mashine hizo zina sifa ya kupasuka ngozi yake kwa umri, hata kama boti ilikaa ghalani. Ukiona nyufa, badilisha zote mbili kwa pamoja. Uzalishaji wa Evinrude ulisimamishwa mwaka 2020, ila vipuri vya pointi, kondensa na koili bado vinatengenezwa na viwanda vingine.

Inazima ikipata joto

Asubuhi inawaka kwa mvuto mmoja, inatembea dakika ishirini, inakatika, inapoa, inawaka tena. Fungua kwanza hewa ya tangi ili kuondoa shaka hiyo. Kisha beba kipimo cha moto kwenye boti na uipime pale pale inapozima, kabla haijapoa, ukiwa umetia nanga. Hakuna moto: ni koili ya kuchaji, pulsa, koili ya plagi au CDI inayokatika ndani kwa joto. Pima omu za koili zikiwa moto na uzilinganishe na za asubuhi. Ile iliyoruka kutoka namba ya kawaida hadi kukatika umeipata. Zote zikibaki sawa, CDI inabaki peke yake.

Kwenye modeli zenye kinga ya joto, injini hupunguza mwendo kwa makusudi maji ya kupozea yakikosekana. Kabla ya kushika waya, angalia kama maji yanatoka kwenye kitundu cha ukaguzi.

Kununua CDI sasa

Ukifika hapa kwa mpangilio, una haki ya kuishuku. Hata hivyo azima ya boti nyingine ya modeli ile ile uijaribu kabla ya kutoa pesa. Modeli iwe ile ile kweli: CDI inabeba taimingi ya mashine, na inayofanana viungo vya waya tu inaweza kukupa moto wa wakati usio sahihi.

Kwa Yamaha, namba ya kipuri inakusaidia dukani. Tarakimu na herufi tatu za mwanzo hutaja mashine, kwa mfano 66T ni Enduro E40X. Tano zinazofuata hutaja kipuri: 85540 ni CDI, 85520 koili ya kuchaji, 85580 pulsa, 85570 koili ya plagi. Nenda na namba iliyochapwa kwenye kipuri cha zamani au kwenye kibati cha modeli kilichoko kwenye bano la kufungia mashine kwenye boti, usiende na maelezo ya "ile ya farasi arobaini".

Ukiifunga mpya, safisha tena athi yake, na urudishe waya wa kuzimia mahali pake. Jaribio la mwisho lifanyie majini au kwenye pipa lenye maji yanayofunika tundu la kunyonyea, maana pampu ya maji ina impela ya mpira ambayo ikizunguka kavu inaungua haraka. Washa, iache itulie, bonyeza kitufe chekundu izime. Washa tena, chomoa klipu izime. Mashine inayowaka lakini haizimiki kwa njia zote mbili bado haijatengenezwa.